Marehemu Amethibitisha

Ofisi ilimwomba marehemu athibitishe kifo chake, na marehemu akathibitisha kwa dakika nne.

Ofisi yenyewe haitatajwa, maana waliomo ni watu wema wenye fomu mbaya. Ilikuwa hivi. Mukunde alitaka jina la mumewe, Silvère Bayingana, litolewe kwenye orodha ya kaya yao ya Ndera, kwa kuwa Silvère alikuwa makaburini tangu mwezi wa tano mwaka uliopita. Alikuja na cheti cha kifo, nakala tatu, zote zimegongwa muhuri. Lakini mfumo wa kompyuta ulikuwa na kanuni yake: mtu yeyote akiondolewa kwenye kaya, mkuu wa kaya lazima aarifiwe kwa barua pepe na akubali. Mkuu wa kaya alikuwa Silvère. Mfumo ukamwandikia.

"Usijali, Mama Raïssa," alisema Ngabo, karani wa dirisha namba tatu, mwanamume mwenye tai fupi na subira ndefu. "Siku thelathini zikipita bila jibu, inahesabiwa kwamba amekubali."

"Na akikataa?"

Ngabo alilipa swali lile haki yake, akafikiri. "Akikataa, kuna fomu ya rufaa."

Walicheka kidogo, wote wawili, kicheko cha watu waliokaa sana kwenye viti vya plastiki. Walikuwa bado wanakimalizia pale kompyuta ilipolia, sauti ndogo kama kijiko kikigusa glasi, na Ngabo akaigeuza skrini waone pamoja.

*Ninathibitisha. Nimekufa kama ilivyoelezwa. S. Bayingana.*

Chini ya maneno hayo kulikuwa na mistari mitano ya herufi na tarakimu zisizosomeka, zimejipanga kama mchwa.

"Unaona?" Ngabo akabonyeza kitufe cha kufunga faili. "Raia wote wangekuwa kama mzee wako, tungetoka saa kumi."

Mukunde alikuwa anaiangalia ile mistari mitano. Ngabo aliiona kama takataka za mtandao. Yeye aliijua kama anavyoujua mwandiko wa mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tisa.

Silvère alikuwa fundi wa mitandao. Alizaliwa na kukulia ukimbizini Bujumbura, kwenye nyumba ambayo barua za baba yake zilifika zimeshasomwa na watu wengine, gundi ya bahasha bado mbichi. Alipokua akaapa kwamba hakuna mtu atakayesoma barua za nyumba yake. Ndiyo maana kila aliyeishi chini ya paa lile alikuwa na funguo mbili za kompyuta. Mmoja wa wazi, unampa yeyote anayetaka kukuandikia, naye anaifunga barua kwa huo. Mwingine wa siri, humpi mtu: ndio unaofungua barua zako, na ndio unaotia sahihi kwenye unazotuma. Barua ikifungwa kwa ufunguo wa wazi wa Raïssa, binti yao, ni Raïssa peke yake chini ya jua awezaye kuisoma. Barua ikiwa na sahihi ya ufunguo wa siri wa Silvère, basi imetoka kwa Silvère, hata kama imepitia mikono elfu.

Tena kulikuwa na kanuni ya kudhaminiana. Huwezi kuudhamini ufunguo wa mtu kwa kusikia tu kwamba ni wake. Lazima mkae ana kwa ana, kitambulisho mkononi, umtazame, utazame picha, ndipo utie sahihi yako kwenye ufunguo wake naye atie yake kwenye wako. Mke na mume hawakusamehewa. Kila Jumapili ya kwanza ya Januari, baada ya misa, familia ile ilikaa kwenye meza ya chakula na vitambulisho vyao, wakikaguana nyuso kama maafisa wa uhamiaji pale mpakani Rusumo. Shangazi mmoja aliwakuta hivyo, akaenda kuwaambia watu kwamba wamejiunga na dhehebu.

"Msiamini sura," Silvère alikuwa akiwaambia. "Sura inaigwa. Aminini sahihi."

Ufunguo wake wa siri ulikaa ndani ya kifaa kidogo kama flashi, kisichozidi ukubwa wa ukucha, na haukuwa na nakala. Alipokuwa anaondoka duniani alikuwa amekishika kiganjani. Mukunde hakujua la kukifanya. Kumpa mtu kulikatazwa. Kukitupa ni kama kumtupa mwenyewe. Basi akakitia kwenye mfuko wa koti la suti pamoja na rozari, jeneza likafungwa, udongo ukarudishwa.

Mchana ule alirudi kazini kwake Gisimenti, chumba kimoja juu ya duka la brosheti, yaani mishikaki, alikofanya kazi ya mfasiri wa kiapo, akiandika kwa Kiswahili na Kifaransa kwamba vyeti vya watu ni vya kweli. Alikuwa amepiga picha skrini ya Ngabo. Akainakili ile barua herufi kwa herufi kwenye kompyuta yake, akaiuliza programu: nani ametia sahihi hapa? Programu haina adabu ya kutoa habari za msiba. Ilijibu papo hapo, kwa rangi ya kijani: *Sahihi halali. Silvère Bayingana. Unamwamini kikamilifu.*

Kutoka kwenye matundu ya pembeni mwa kompyuta, pale inapopumua joto, ikaja harufu ya udongo ulionyeshewa sasa hivi. Ilikuwa mwezi wa saba. Kigali haikuwa imeona tone la mvua kwa wiki sita.

Alifika nyumbani mapema. Raïssa alikuwa mezani, mgongo kwa mlango, kompyuta mbele yake.

Msichana yule alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza sekondari, anangoja majibu ya chuo. Tangu mazishi alikuwa anakula kama anayemfanyia mtu hisani. Lakini wiki tatu hizi alikuwa amebadilika: anamaliza sahani, anaimba bafuni, anaamka kabla hajaamshwa. Mukunde alidhani ni mvulana, na moyoni alimshukuru huyo mvulana bila kumjua. Sasa akiwa mlangoni, mkoba begani, alisikia anavyoandika. Tak-tak, kituo, tak. Tak-tak, kituo, tak. Raïssa alijifunza shuleni kuandika kwa vidole vyote kumi, haraka kama mvua ya mabati. Aliyekuwa akiandika kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi kama kuku anayedonoa, alikuwa baba yake.

"Unamwandikia nani?"

"Papa," alisema Raïssa, bila kugeuka.

Mukunde akaketi.

"Raïssa. Papa yako tulimzika."

"Najua, Mama. Na yeye anajua. Anasema ni kama kukaa kwenye foleni, ila hakuna anayekupita." Akageuka, akitabasamu. "Nilitaka kukwambia. Yeye ndiye alisema ningoje kwanza, utaogopa. Kagua mwenyewe, usichukue neno langu. Barua kumi na sita, zote zina sahihi. Si ndivyo alivyotufundisha?"

"Alitufundisha kwa ajili ya walio hai."

"Hakusema hivyo. Nionyeshe mahali aliposema hivyo."

Hakukuwa na mahali. Mukunde akavuta kompyuta, akasoma ya mwisho. Ilikuwa imefungwa kwa ufunguo wa Raïssa na kutiwa sahihi, na hata mikato ilikaa pale ambapo Silvère angeiweka.

*Mwanangu, ufunguo wangu unaisha muda tarehe thelathini na moja. Nimetengeneza mwingine. Unahitaji sahihi yako na ya mama yako, nami nitatia yangu kwenye za kwenu. Kanuni ni ile ile: ana kwa ana, kitambulisho mkononi. Nitakuja Jumamosi ya umuganda, saa tatu asubuhi, watu wote wakiwa kwenye kazi ya pamoja barabarani.*

"Usimjibu tena," alisema Mukunde kwa sauti ya chini, kama vile kompyuta ingesikia.

"Nimeshamjibu. Nimemwambia karibu."

Mukunde akaushika mkono wa mwanawe. Ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye jokofu, na chini ya kila ukucha kulikuwa na mstari mwembamba wa udongo mwekundu. Raïssa hakuwa ametoka nje siku ile.

Padri wa parokia yao alimsikiliza Mukunde vizuri, akasema jambo kama hilo linahitaji ruhusa ya askofu kwa maandishi, naye yuko tayari kuiandikia barua leo leo, isipokuwa muhuri wa parokia umevunjika mpini na uko kwa fundi Biryogo. Mukunde alimjua huyo fundi. Ndiye aliyemchongea muhuri wake wa ufasiri. Akaacha kumngoja askofu, akaufuata muhuri.

Maalim Nduwayo alikuwa Mrundi wa Buyenzi, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, na kibao cha nje kilisema MIHURI YA AINA ZOTE. Kazi yake nyingine haikuandikwa kibaoni, ila watu wa Biryogo waliijua, na ukutani nyuma yake palitundikwa cheti cha chama cha waganga, chenye picha na muhuri ambao bila shaka aliuchonga mwenyewe. Alimsikiliza Mukunde huku akichonga neno IMEPOKELEWA kinyumenyume.

"Alizikwa na nini huyo mume?"

"Suti. Rozari. Na huo ufunguo."

Mukunde akaanza kumweleza funguo za kompyuta, akitafuta maneno mepesi, lakini mzee alielewa upesi kuliko maprofesa wawili waliowahi kuelezwa na Silvère mwenyewe.

"Kwa hiyo ni muhuri. Mmemzika mtu na muhuri wake." Akakiweka kisu chini. "Mama, hata mkurugenzi akifa, muhuri unarudishwa ofisini. Ndicho kitu cha kwanza wanachokitafuta, kabla ya sanda."

"Sikujua pa kuurudisha."

"Hata hivyo muhuri hauiti mtu. Ukiwa chini ya ardhi ni kipande cha mpira tu. Nani alimwita?"

Nje pikipiki mbili zilikuwa zinabishana kwa honi. Mukunde akasema, akiangalia vidole vyake, kwamba tangu mazishi alikuwa anamwandikia. Kila siku ya kazi, ofisi ikiwa tupu, wengine wameshuka kula. Barua fupi tu: Raïssa kafanya hivi, bomba limepasuka, nimekukosa. Anaifunga kwa ufunguo wa wazi wa Silvère, anaituma. Aliona hakuna ubaya, maana ufunguo wa kuzifungua ulikuwa udongoni, na hakuna kiumbe ambacho kingeweza kuzisoma. Ilikuwa kama kusema ndani ya mtungi na kuuziba.

"Wanashuka kula saa ngapi?"

"Saa saba."

Maalim alimtazama kama daktari aliyeambiwa mgonjwa amekunywa chai kabla ya kupasuliwa.

"Saa saba za mchana. Saa ambayo kwetu mama hamwiti mwanawe uani kwa jina. Barua ngapi?"

"Mia tatu. Labda na kidogo."

"Mara mia tatu, Mama, saa yao wasioonekana, kwa jina kamili. Na kila mara unafunga mlango asisikie yeyote ila aliyekaa na ufunguo." Alishusha sauti. "Aliyekaa na ufunguo si mume wako. Mume wako yuko kwa Mungu, hana haja na flashi. Yule alikuwapo pale chini kabla hamjachimba. Mkamletea muhuri, halafu mkamletea barua za kusoma. Sasa amesoma zote. Anajua kila mlichoandikiana, wewe na mumeo, tangu mwanzo. Kisichoandikwa hana."

"Anataka nini kwa mtoto?"

"Wewe mwenyewe umenisomea. Anataka kudhaminiwa na mtu aliye hai. Na anataka atie sahihi yake kwa msichana. Atakachokitia sahihi ni chake. Ndiyo kazi ya muhuri." Akaokota kisu, akakirudisha. "Huo wa kwake, hauvunjiki?"

Ulikuwa unaweza kuvunjwa. Siku Silvère alipoutengeneza alitengeneza pia hati ya kuubatilisha, akampa mkewe aitunze: siku ufunguo wangu ukiwa mikononi mwa mwingine, alimwambia, itangaze hii, na ufunguo utakufa usifufuke. Hati ilikuwa kwenye droo ya kabati. Mukunde alikuwa ameishika mara mbili tangu msiba na mara mbili ameirudisha. Kwa maana ufunguo ukibatilishwa, kila ulichowahi kukitia sahihi kinapigwa alama nyekundu. Barua elfu moja na mia tisa. Zile za uchumba, yeye Kigali na Silvère Bujumbura; zile za jino la kwanza la Raïssa; ile ya neno moja aliyotuma kutoka chumba cha wagonjwa. Mashine ingezisoma moja moja na kusema: usiamini. Hakuwa amebakiwa na kitu kingine cha mtu yule.

Maalim aliyasikia yote hayo. Hakumwambia kwamba si kitu.

"Basi ndiyo hiyo hiyo," alisema. "Lakini usiitangaze hewani, ataondoka ufunguoni na kubaki mtaani kwenu. Barua ya kufukuza anasomewa anayefukuzwa, mlangoni, uso kwa uso. Hata mahakama wanalijua hilo. Mngoje afike."

"Utakuja, Maalim?"

"Jumamosi ya umuganda? Mtaa wetu wanaandika majina ya wasiofika kazini." Akampa ubani kwenye karatasi ya gazeti. "Aliyemwita ni wewe. Mimi ningekuwa mgeni tu."

Jumamosi, saa mbili na nusu na kidogo, kiongozi wa mtaa aligonga geti akiwa na jembe na daftari. Mukunde alitoka kumweleza kwamba binti anaumwa, na kiongozi, ambaye alikuwa mtu wa kujali, aliuliza anaumwa nini, tangu lini, na kama kuna karatasi ya daktari. Ilichukua dakika kumi. Kisha akaondoka na watu wake kushuka bondeni kuzibua mitaro, na Ndera ikanyamaza.

Wasioijua asubuhi ya umuganda hawajui ukimya wa mji. Hakuna gari, hakuna pikipiki, duka limefungwa, redio ya jirani imezimwa. Raïssa alikaa mezani na kitambulisho chake mbele yake, amevaa gauni la kanisani. Mukunde alikaa upande wa pili, kompyuta imefunguliwa, hati imeshapakiwa, kidole juu ya kitufe. Ubani ulikuwa unawaka kwenye kijiko.

"Mama, usimkasirikie," alinong'ona Raïssa. "Ametoka mbali."

"Nyamaza, mwanangu."

Saa tatu kamili ule moshi wa ubani, uliokuwa unapanda wima kama uzi, uliinama, ukalala juu ya meza na kutambaa kuelekea mlangoni kama kitu kinachovutwa kwa pumzi, na harufu ya udongo wa mvua ikaingia, nzito, na chini yake harufu nyingine ya plastiki iliyopata moto, na nje kwenye changarawe, ndani ya geti ambalo Mukunde alilifunga kwa komeo kwa mkono wake, zikaja nyayo, mbili, kituo, moja, mbili, kituo, moja, tak-tak, tak, zikitafuta kila mahali pa kukanyaga kama kidole kinachotafuta herufi, zikapanda ngazi, zikasimama, na mlango ukafunguka bila kugongwa kwa kuwa mgeni alikuwa ameshakaribishwa.

Alikuwa Silvère. Ndilo lililokuwa baya zaidi. Lakini alikuwa Silvère wa miaka thelathini na miwili, mwenye nywele zilizonyolewa kwa ajili ya picha na kola iliyokunjika upande wa kushoto, uso mkavu usiocheka kwa sababu mpiga picha alikataza, na Mukunde akauelewa kabla hajataka kuuelewa: ni ule ule, ni uso wa kitambulisho, umekuzwa hadi kimo cha mtu, na alipopita dirishani mwanga ukamwangukia ubavuni na pale ubavuni hapakuwa na sikio, wala shavu halikuzunguka kwenda popote, maana kwenye picha hayaonekani. Mkononi alikuwa ameshika kadi. Aliinyoosha mbele, kwa adabu, kama anavyofanya mtu mwenye karatasi zake kamili.

"Mke wangu mpenzi," alisema, "natumaini barua hii inakukuta mzima."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa pia mstari wa kwanza wa barua yake ya kwanza kabisa.

"Papa," alisema Raïssa, akasimama.

"Kaa," alisema Mukunde. Kwa yule mgeni akasema, polepole: "Siku tuliyomzika dada yako, tukirudi, ulisimamisha gari njiani. Ulifanya nini?"

Alikuwa amemmenyea chungwa. Alisimamisha gari kando ya mteremko, akamenya chungwa zima kwa ukucha bila kusema neno, akampa, wakaendelea na safari. Hawakuwahi kulizungumza, sembuse kuliandika.

Uso wa picha haukutikisika. "Hapa Bujumbura mvua haijaacha," ulisema. "Nimenunua viatu. Nikuletee nini?"

"Raïssa, umesikia."

"Amechoka," alisema Raïssa, machozi yanamtiririka. "Mama, amechoka tu, muulize jingine. Mama, usibonyeze. Ukibonyeza anakufa tena, na safari hii ni wewe."

Na yule mgeni akasogea hatua mbili, kituo, moja, akaweka kadi yake juu ya meza kati yao, na kwa mara ya kwanza akasema kitu ambacho Silvère hakuwahi kuandika, kwa sababu aliyekiandika alikuwa Mukunde mwenyewe, siku moja saa saba, ofisi tupu, kichwa juu ya meza.

"Tarehe kumi na moja Novemba. Uliandika: Rudi. Hata kama hutakuwa wewe, rudi tu." Akangoja, mkono umenyooshwa. "Nimerudi."

Ingekuwa uongo kusema kwamba Mukunde hakusita. Alisita muda wa kutosha kuona mkono ule haukuwa na mistari ya kiganja, na kutaka kuushika hata hivyo. Kisha akamwona mwanawe ameshauinua wa kwake.

"Silvère Bayingana," alisema, "ufunguo huu umebatilishwa," akabonyeza.

Hakukuwa na kelele. Yule kiumbe aliinamisha macho, kama mtumishi anayesoma barua ya kuachishwa kazi kwa mara ya pili kuhakikisha jina, na akaanza kufifia kutoka juu kwenda chini, nywele, paji, macho, mistari myeupe ikipita usoni kama fotokopi ya mashine iliyoishiwa wino, hadi ikabaki kola iliyokunjika, halafu nayo ikaenda. Kadi iliyokuwa mezani ilikuwa plastiki nyeupe tupu. Zuliani kulikuwa na udongo, kiasi cha kujaza kofia. Na kwenye skrini, kutoka barua ya mwisho kurudi nyuma hadi ya kwanza, alama za kijani zikawa nyekundu, moja baada ya nyingine, na Mukunde akazitazama zote, hakuruka hata moja.

Raïssa alilala siku mbili. Siku ya tatu aliomba chai, akala ugali na isombe ya majani ya muhogo, akasema alikuwa ameota sana. Mikono yake ilikuwa na joto, kucha zake safi. Alipofungua kompyuta aliandika kwa vidole kumi, na Mukunde, akiwa jikoni, alishika ukingo wa sinki akalia kimya kimya kwa kuisikia tu ile mvua ya mabati.

Ngabo alipiga simu wiki hiyo, ana aibu. Mfumo ulikuwa umelifufua faili. Uthibitisho wa mkuu wa kaya ulionekana sasa umetiwa sahihi batili. Je, angeweza kumwomba mzee athibitishe tena? Mukunde alimwambia atume fomu ya rufaa.

Jumapili ikawa wakati wa kutengeneza upya. Familia ilikuwa watu wawili sasa, na Mukunde aliamua kwamba wawili wanatosha: ufunguo mpya wake, ule wa Raïssa ukaguliwe, wadhaminiane, yaishe. Wakakaa mezani, vitambulisho mkononi. Kabla ya kutia sahihi, kama kanuni inavyotaka, alifungua orodha ya waliowahi kuudhamini ufunguo wa mwanawe. Kulikuwa na yake mwenyewe, ya kila Januari. Kulikuwa na za Silvère, sasa nyekundu. Ya mwisho katika hizo nyekundu ilikuwa ya Jumamosi ile, saa mbili na dakika arobaini na moja asubuhi.

Alikuwa getini wakati ule, anamweleza kiongozi wa mtaa kuhusu karatasi ya daktari. Yule hakuwa amengoja saa tatu. Mlangoni alikuja kwa ajili ya Mukunde tu. Kwa Raïssa alikuwa ameshamaliza.

*Sahihi batili,* iliandika programu. *Unaweza kuipuuza.*

Mukunde akainua macho. Raïssa alikuwa amekaa wima, kitambulisho amekishika kifuani kwa mikono miwili, anangoja zamu yake. Picha ilipigwa akiwa na miaka kumi na sita. Uso uliokuwa juu ya picha ulikuwa mtulivu, laini, haucheki.

"Tia sahihi, Mama."

"Ngoja kidogo." Aliisukuma kompyuta pembeni. "Ulipokuwa mdogo, ukishikwa na homa, nilikuwa nakuimbia wimbo. Mmoja, kila mara, mpaka ulale. Niimbie."

Raïssa hakukunja uso kama mtu anayekumbuka. Macho yake yalianza kwenda kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia, taratibu, yakishuka kidogo kila yanapofika mwisho, na yaliendelea hivyo kwa muda mrefu, hadi chai ikapoa mezani. Kisha yakatulia.

"Mama," alisema kwa upole, kama karani anayesikitika kwa niaba ya ofisi, "hilo hukuliandika popote."